Moyo wa Ng'ombe Kwenye Kadi

Siku nilipokabidhi funguo za maabara, vijana wa pale walinipa saa ya ukutani na keki, wakaniambia niandike ninayoyakumbuka kabla sijayasahau. Saa imeshasimama. Kumbukumbu bado zinatembea, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa; vyeo vilipita mbali na mimi, na mishahara mnaijua. Nitaandika jinsi nilivyoingia, aliyenifundisha, na mgonjwa mmoja ambaye hadi leo nikiona mwanamke ameweka mzigo chini kando ya barabara, nasimama.

Nilizaliwa Lingeka, kule Meatu, penye pamba na ng'ombe. Shule niliiacha mapema. Ng'ombe wa baba walikwenda mbali kuliko mwalimu, na mimi nilitaka kuona huko wanakokwenda. Baadaye nilikuwa utingo wa lori, nikauza masufuria minadani, nikachimba visima, nikabeba pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia. Kila kazi niliiacha mara nilipoielewa. Mama alikuwa akisema, "Masalu, wewe hata kaburini utauliza wa jirani alikufa kwa ugonjwa gani."

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, maduka ya dawa yalichipua mjini Bariadi kama uyoga, na hospitalini mgonjwa alianza kuambiwa achangie. Wakati ule tulikuwa bado chini ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Mwenzangu mmoja wa kiwandani alibanwa mkono na mashine, nikampeleka hospitali ya Bariadi. Wakati wakimshona, mimi niliona mlango uko wazi, na ndani mzee mmoja ameinamia darubini. Nikaingia.

"Umeleta mgonjwa au umekuja kununua darubini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Unaona nini humo, baba?"

"Naona mtu aliyeingia bila kunawa."

Huyo alikuwa Mzee Kulwa, fundi wa maabara. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akanipa ndoo ya vioo nioshe. Hapo ndipo nilipokwama. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo kila nilipodhani nimeielewa, ilinifungulia mlango mwingine.

Alinifundisha kutoa damu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Alinifundisha kusubiri. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi ikanichosha: "Ukishika damu ya mtu, usimtazame usoni. Uso una maneno mengi. Soma damu, andika, nyamaza."

Kipimo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha kaswende, kile cha kadi. Kadi nyeupe ina duara. Unatia tone la maji ya damu, unatia tone la dawa nyeusi kama masizi, kisha unatikisa taratibu. Mashine ya kutikisia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tulitikisa kwa mkono, mtu ameshika kadi kama anapepeta uwele kwenye ungo mdogo sana. Weusi ukibaki laini kama moshi, mtu hana. Ukikatika ukawa chembechembe, unaandika chanya. Sindano zinafuata, na mwenzi wake anaitwa.

Kwandu aliletwa kutoka Ngulyati na mumewe Jilala, ameketi nyuma ya baiskeli, amejifunga kitenge hadi kifuani. Alikuwa binti mdogo bado. Mimba zilikuwa zikimharibikia, na si changa. Zilifika mahali mtoto ameshaanza kucheza, kisha kimya. Baada ya ile ya mwisho mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba ukawa kama mchi, ukakaa hivyo, ukapungua wenyewe. Jilala alikuwa mtu wa aibu. Alisimama dirishani kwetu akikunja kofia yake.

"Mwangaluka, baba," alimwambia Mzee Kulwa. "Mtupimie kila kitu. Msibakize."

Tulipima. Kwenye kadi ya Kwandu masizi yalikatika waziwazi. Kwenye kadi ya Jilala yalibaki moshi. Mzee Kulwa aliagiza turudie, tukarudia, ikawa vilevile. Daktari wa zamu alifuata mwongozo kama ulivyoandikwa: mke akachomwa sindano kwa wiki kadhaa mfululizo, mume akaambiwa yeye yuko salama.

Baadaye akapata mimba nyingine, nayo ikaharibika. Kadi ikasema chanya tena. Wakamchoma tena.

Safari hiyo alikuja na mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakuna siri Ngulyati, na sindano za makalioni hazifichiki kwa mtu anayeoga mtoni na wenzake. Alikuja hadi dirishani.

"Wewe kijana, hiyo karatasi inasemaje?"

"Mayu, inakwenda kwa daktari. Mimi siruhusiwi kusema."

"Basi usiseme, nitasema mimi. Mwanangu mmempima mkamwacha. Mke wake mnamchoma kila nikigeuka. Maradhi hayo hayaoti shambani kama mchicha. Kayatoa wapi?"

Kwandu alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yake. Alisema kwa upole, "Mama, sijatoka nje ya boma lako ila kwenda mtoni."

"Na mtoni wanaume hawanywi maji?"

Watu wa benchi walicheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko matusi mengi niliyotukanwa mimi mwenyewe.

Wazee wa pande mbili wakakaa kikao. Jilala, nilisikia, alikataa kumrudisha mkewe kwao kwa siku za mwanzo, kisha akaacha kukataa. Kwetu mke akirudishwa kwa kosa la namna ile, ng'ombe wa mahari nao hurudi, na watu wote njiani huwatazama wakijua wanasoma nini. Baba yake Kwandu alikuwa anakaa Binza, pale Maswa, na ng'ombe wake aliwalisha kwa ndugu aliyekaa ng'ambo ya mji wetu. Waliporudishwa Ngulyati walipitishwa njia ya nyuma ya hospitali. Mzee Kulwa alikuwa anatikisa kadi ya mtu mwingine.

"Hao ni wa nani?" akauliza.

"Wa Kwandu."

Aliendelea kutikisa kadi ile muda mrefu kupita inavyotakiwa, mpaka ikabidi tuitupe tuanze upya.

Mzee Kulwa alistaafu, akaenda kwao, na habari za kifo chake nilizipata kwa dereva wa lori. Mimi nikabaki. Nilishapelekwa kozi fupi, nikarudi na cheti na koti jeupe lililonipwaya. Mji ulibadilika. Mitumba ilijaa sokoni, mafuta ya kupikia ya madebe yakashuka kutoka kwenye malori, vijana wakaanza kukaanga chipsi kando ya stendi. Siku moja ya gulio nilimwona Kwandu.

Alikuwa anafanya biashara ya mitumba, anatoka Maswa na mzigo, anauzungusha magulioni. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na ulimi wake ulikuwa umenolewa. Nilimwona ameweka mzigo chini, anafungua fundo, anapanga nguo, anafunga. Akatembea kidogo. Akauweka tena chini, akafungua, akapanga, akafunga. Nikamfuata.

"Kwandu, mzigo huo unaufungua kila baada ya nyumba mbili, umepoteza nini humo?"

"Mume," alisema. "Nilimfunga humu na suruali, naona katoroka."

"Na ukimpata?"

"Nitamuuza na suruali yake."

Tulicheka. Lakini hakuinuka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye fundo, wa pili umeshika muundi wake wa kushoto, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo wakati asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Nilipomuuliza mara ya pili, bila mzaha, aliniambia. Akitembea, nyama ya mguu inabana kama mtu anakamua nguo. Akisimama, inaachia. Akitembea tena, inarudi. Alikuwa anaona aibu kusimama barabarani bila sababu kama bibi kizee, kwa hiyo alikuwa anafungua mzigo.

"Bibi yangu anasema nimekanyaga kitu nilichotegewa njiani," alisema. "Nimekwenda kwa mganga mpaka nimechoka. Huko hospitali kwenu siji. Nikija mtanipima kile kipimo chenu."

Nilimbembeleza magulio kadhaa. Alikuja kwa sababu ya udadisi, nadhani. Nilimwambia kuna daktari bingwa wa kike anakuja kutoka Mwanza, na hataamini mpaka amwone. Tulikuwa tunamwita Daktari Neema. Alikuwa mwembamba, mchovu, na alikuwa na tabia ambayo sikuwahi kuiona kwa madaktari wetu: alianza kumpima mtu kutoka chini.

Alimvua Kwandu viatu. Akaweka vidole juu ya mgongo wa unyayo wa kulia, akasikiliza mapigo kwa vidole, akahamia wa kushoto. Akakaa hapo. Akaniita.

"Masalu, weka vidole hapa. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, daktari."

"Wa kulia?"

"Unapiga kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili."

"Una umri gani, Kwandu?" Kwandu akamwambia. Daktari Neema alitingisha kichwa. "Wewe ni kijana. Mishipa ya miguu yako ni ya bibi yako."

Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalipangana kama mtu anayefuata nyayo alizozizoea. Mimba ziliharibika zikiwa na ukubwa gani? Mguu uliwahi kuvimba? Upi? Presha, aliyoikuta juu siku hiyo, iliwahi kupimwa? Na mwisho akauliza jambo lililonifanya niache kuandika.

"Uliwahi kupimwa kaswende?"

Kwandu akavaa viatu vyake. "Ndiyo maana sikutaka kuja," alisema, akanitazama mimi.

"Kaa, mdogo wangu," daktari alisema. "Nauliza kwa sababu nadhani hukuwahi kuwa nayo."

Maelezo aliyotoa mchana ule nimeyarudia kwa watu wengi, na nayaandika hapa kwa ajili yenu vijana, kwa sababu hamkuwapo. Ile dawa nyeusi ya kwenye kadi ina mafuta yaliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Damu ya mtu mwenye kaswende huyashambulia mafuta yale, ndiyo maana masizi yanakatika. Lakini kuna watu wachache ambao kinga ya miili yao imekosea njia. Badala ya kupiga wadudu, inapiga mafuta ya namna hiyohiyo yaliyomo mwilini mwao. Kadi inawasema chanya, na hawajaugua kaswende hata siku moja. Damu ya watu hao huganda pasipotakiwa: ndani ya mguu, ndani ya kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula akafa. Na jambo la kuchelewa kuonekana, kwa miaka kinga hiyo huchubua mishipa ya damu kwa ndani. Mafuta na chokaa hushika kwenye michubuko, njia inakuwa nyembamba. Sisi wengine hali hiyo hutupata uzeeni. Wao huwakuta mapema.

Kwandu aliuliza kwa nini mafuta yashike kwake yasishike kwa wengine. Hapo mimi nilikumbuka kiwandani. Bomba la kuvutia pamba likiwa laini, nyuzi zinapita. Likikwaruzwa ndani, uzi mmoja unanasa, unanasa wa pili, na baada ya muda fundi anaitwa.

"Kwa hiyo mimi ni bomba la kiwanda," Kwandu alisema.

"Lililokwaruzwa," nikasema.

"Na fundi yuko wapi?"

Daktari Neema alisema kuna dawa kali ya kuzuia damu kuganda, lakini mtu akiinywa lazima damu yake ipimwe mara kwa mara, la sivyo itamtoa damu hadi afe, na kipimo hicho hatukuwa nacho, Mwanza kwenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Kwa hiyo alimwandikia kilichokuwapo. Dawa ya presha. Aspirini, kipande, kila siku bila kukosa. Apunguze chumvi na vya kukaanga. Aendelee kutembea, asimame akiumia, atembee tena. Akachukua damu yake kwenda nayo Mwanza, ikapimwe kwa kipimo cha pili kinachotafuta alama za mdudu mwenyewe wa kaswende. Alisema mtu aliyewahi kuugua, hata akipona, kipimo hicho humkumbuka.

Aspirini ndiyo iliyotushinda. Nilikwenda naye dukani kwa Bwana Salumu, mfanyabiashara mpole aliyekuwa anauza dawa, viatu na betri juu ya meza moja.

"Hii ni ya kichwa," Kwandu alisema. "Kichwa hakiniumi."

"Inasaidia damu, dada yangu," Bwana Salumu akamwambia.

"Mganga alinichukulia mbuzi hakunisaidia, itakuwa hii inayouzwa pamoja na pipi?"

Siku zile kila duka lilikuwa na vidonge vipya vya rangi mbili na sindano za kila aina. Mtu aliyeteseka miaka aliona ametukanwa akipewa kitu cheupe cha bei ya pipi. Alikunywa nilipomkumbusha. Nisipokuwapo, sijui.

Majibu yalikuja na gari la chanjo. Kipimo cha pili hakikukumbuka kitu. Kwandu hakuwahi kuugua kaswende, si wakati ule wala kabla. Nilimpelekea habari mwenyewe gulioni. Alikaa juu ya mzigo wake, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Niende nikawaambie Ngulyati?" niliuliza.

"Usithubutu. Ulimi ulionisema ulikuwa na miguu, ulikuja mpaka dirishani kwenu. Na mimi nitakwenda kwa miguu yangu. Nitasimama pale bomani mchana, watu wote wapo, niseme."

"Panda hata lori."

"Nilitoka pale nikitembea, Masalu."

Alikuwa amenunua kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Kila gulio nilimuuliza, na kila gulio mguu ulikuwa unamkataza. Angoje upate nafuu. Angoje mvua zikatike. Angoje pamba ivunwe ili watu wawe nyumbani. Safari kati ya kufungua mzigo na kufungua tena ilizidi kuwa fupi.

Kiharusi kilimkuta sokoni, asubuhi, akiwa anapigiana bei na mteja. Aliyekuwa akinunua alidhani anafanya mzaha, maana mdomo ulikwenda upande kama mtu anayemwigiza mwingine. Walimleta kwetu kwa mkokoteni. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwenda. Alikuwa anatutambua. Alikuwa anafungua mdomo, anatafuta, hakuna kitu.

Baba yake alikuja kutoka Binza. Nilimweleza yote, na yeye hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. "Alitaka kwenda kusema," alisema. "Sasa hatakwenda. Twende wewe na mimi."

Tulimkuta Jilala zizini. Alikuwa na mke mwingine na watoto. Mmoja alikuwa amebebwa mgongoni mwa bibi yake, yule mama mwenye sauti. Mzee aliniachia niseme. Nilisema kama alivyosema Daktari Neema, kadi, masizi, mafuta ya moyo wa ng'ombe, damu inayojipiga yenyewe. Sikuacha kitu. Jilala alisikiliza akiwa ameshika nguzo ya zizi.

"Subiri," alisema. "Yaani kilichomshtaki mke wangu ni moyo wa ng'ombe?"

"Mafuta yake."

Akageuka akatazama ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta ni yupi. Baadhi yao walikuwa uzao wa wale waliorudishwa. Mama yake Jilala alimshusha mtoto mgongoni, akampa mkamwana, akaingia ndani. Tuliondoka tukijua tumepoteza safari.

Kesho yake asubuhi mama yule alikuwa mlangoni mwa wodi. Alikuwa amekuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, amebeba kibuyu cha maziwa. Manesi hawakumjua, mimi nilimjua. Alisimama kando ya kitanda, ile sauti ya kuitia ng'ombe haipo.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia Kwandu. Mama mkwe hamwamkii mkamwana hivyo, wala hamwiti mayu, yaani mama. Hiyo ni salamu ya kumwamkia mkubwa wako.

Kwandu alimtazama. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa hai, na nilijua, kwa kuwa nilimjua, kwamba ndani mle hotuba yote aliyoipanga ilikuwa imesimama inangoja mlango. Mdomo ukafunguka.

"Mhola," alisema.

Ni jibu la salamu tu. Ni njema, ni amani. Kila mtoto wa Kisukuma anafundishwa kulitoa kabla hajajua maana yake. Madaktari wananiambia maneno ya namna hiyo hukaa mahali pengine kichwani, kiharusi kinaweza kufagia yote kikayaacha hayo. Kuanzia siku ile hadi alipofariki, mwanzoni mwa mvua, hilo ndilo neno pekee alilokuwa nalo. Ukimuuliza kama ana maumivu, mhola. Ukimgeuza kitandani akalia, mhola.

Vijana, siku hizi mna vipimo ambavyo Mzee Kulwa hakuviota. Mwanamke kijana mwenye mimba zinazoharibika akija na kadi chanya, na mwenzi wake hana kitu, msiishie kwenye kadi. Mvueni viatu. Wekeni vidole pale juu ya unyayo, msubiri.

Mama yake Jilala alinifuata hadi mlangoni mwa maabara siku ile, kibuyu kitupu mkononi. Alikuwa amemnywesha Kwandu maziwa kijiko kwa kijiko, mengine yakitoka upande ule uliokufa, anayafuta kwa khanga yake.

"Wewe ndiye mwenye vipimo," aliniambia. "Amesema mhola. Umemsikia. Amenisamehe, au ameniitikia tu?"

Alikuwa anangoja, kama walivyokuwa wakingoja wote pale dirishani. Nilimwambia ukweli, kwamba kipimo cha kitu hicho hatuna. Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi, akaanza kurudi Ngulyati kwa miguu.